Bagipaipu na gitaa la umeme: shajara ya bendi yetu, Glasgow

Shajara hii ni ya yeyote anayetaka kuunganisha muziki wa kale wa Uskoti na Ayalandi na roki yenye nguvu, kisha akakuta vyombo vinagombana. Mimi ni mpiga besi, mzaliwa wa Mombasa, na Glasgow ndiko ninakoishi. Tuko sita: bagipaipu (mabomba yanayopulizwa kwa mfuko wa hewa), fidla, kodiani, gitaa la umeme, dramu na besi. Naongeza maandishi kila hatua inapokamilika. Ya kawaida nayapita mbio, palipotukwamisha ndipo ninapokaa. Bei zote ni za pauni.

8 Septemba 2024: Tunachojenga

Tumepewa nafasi ya kupiga kwenye Usiku wa Burns, sherehe ya mshairi wa Uskoti Robert Burns, 25 Januari, katika ukumbi wa mtaa. Ni keili, dansi ya Kiskoti ambayo ukumbi mzima hucheza kwa mistari na miduara. Tunataka nyimbo za kale zibaki zilivyo, na chini yake ipite roki ya kweli: gitaa linalonguruma, dramu nzito, besi ya kutikisa kifua.

Njia hii ina wenyewe. Alan Stivell, mpiga kinubi wa Brittany, magharibi mwa Ufaransa, alipanda jukwaa la Olympia jijini Paris Februari 1972 na gitaa la umeme la Dan Ar Braz likiwa ubavuni mwake, akawafanya vijana wa Ufaransa wasikie muziki wa mababu kama muziki wao. Horslips wa Dublin walichukua wimbo wa kale wa gwaride wa Kiairishi wakaugeuza kuwa rifu, kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwa, mwaka 1973. Runrig, walioanzia kisiwa cha Skye mwaka 1973, waliimba Kigaeli, lugha ya kale ya Uskoti, juu ya roki hadi walipoaga Stirling mwaka 2018.

Halafu kuna AC/DC, bendi ya roki ya Australia. Mwaka 1975 walirekodi wimbo wenye bagipaipu. Wenzake mwimbaji wao, Bon Scott, walikuwa wanajua aliwahi kuwa kwenye bendi ya bagipaipu, wakadhani ni mpigaji. Kumbe alikuwa upande wa ngoma, ikabidi ajifunze. Linalotuhusu sisi ni kwamba wimbo ule uko kwenye Bb (nusu-toni juu ya A), ufunguo, yaani nota ya nyumbani, ambao si kawaida yao. Gitaa ndilo lililohama. Hilo likumbuke.

15 Septemba 2024: Mazoezi ya kwanza, na kwa nini yalivunjika

Chumba cha mazoezi ni pauni 12 kwa saa, tulichukua saa tatu. Tulifika nusu ya wimbo wa kwanza tu.

Kwenye karatasi za nota, bagipaipu kubwa ya Nyanda za Juu za Uskoti huandikwa kwenye A. Mwenye gitaa akisoma A atapiga A ya kawaida, ile ya hezi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde). Lakini chombo chenyewe hakitoi A hiyo. Kwa miaka mingi bendi za mashindano zimekuwa zikipandisha sauti ili ing'ae zaidi, na leo "A" ya chini ya chanta, lile bomba lenye matundu ya vidole, hufika karibu hezi 480. Ya mzee wetu, mpiga bagipaipu wa bendi, tulipoipima ilikuwa 479 baada ya kupata joto.

Piga hesabu uone shida. Bb ya piano ni hezi 466. B inayofuata ni 494. Bagipaipu ya 480 inaangukia katikati kabisa, robo toni juu ya Bb. Hakuna ufunguo wa gitaa unaokutana nayo.

Jaribio la kwanza lilikuwa kupandisha gitaa na besi. Kapo, kibanio cha nyuzi, kwenye kitufe cha kwanza (nafasi ya kwanza ya shingo ya gitaa), kisha kuvuta nyuzi mpaka A iwe hezi 453. Kipimo cha kutuni, yaani kuweka sauti sawa, tulichokuwa nacho kinaishia 450, kwa hiyo tukatuni kwa sikio. Gitaa likakubali kwa shida, uzi wa kwanza ukakatika. Fidla ikapanda, ingawa dada wa fidla alilalamika, na ana haki, kwamba chombo chake kinasikika kama kimebanwa koo. Lakini kodiani haipandi. Vyuma vyake vya sauti vimesagwa na fundi kwa kipimo kimoja na haviguswi. Papo hapo mpango ukafa.

29 Septemba 2024: Chanta ya Bb

Dawa ipo na imekuwapo muda mrefu: chanta iliyotengenezwa makusudi kwa hezi 466, ndefu kidogo na matundu yakiwa yamepangwa kwa nafasi zaidi. Tulinunua ya plastiki ngumu kwa pauni 98, pamoja na ndimi nne za tete, zile zinazotetemeka na kutoa sauti, kwa pauni 11 kila mmoja. Usinunue ulimi mmoja. Hizi hukatwa kwa mkono na hakuna miwili inayofanana. Kati ya minne, mmoja ulikuwa mgumu hata mzee akapata kizunguzungu, mmoja ulipiga kelele nota za juu, miwili ikafaa.

Hatua iliyotuchukua muda ni kuuweka ulimi. Ukiuzamisha zaidi ndani ya chanta, sauti inapanda, hasa nota za juu. Ukiuinua, zinashuka. Nota moja ikibaki kukaidi, unabandika utepe wa umeme ukingo wa juu wa tundu lake na kusogeza kidogo kidogo. Kwetu ilikuwa F#. Utepe wa milimita mbili ukamaliza ugomvi.

Mabomba matatu ya mvumo, yale yanayolala begani na kushikilia nota moja, yanatunika kwa kuteleza, na ya mzee yalifika 466 bila kurefushwa. Ya kwako huenda yasifike, na hapo utahitaji kuvuta ndimi zake au kuongeza kipande.

Mabomba hayo ni ya mpingo. Nilipoyashika niliyatambua kabla ya kuambiwa, kwa uzito na kwa ule weusi unaogeuka kahawia ukiuelekeza kwenye mwanga. Mpingo wa Tanzania na Msumbiji ndio uliobeba sauti ya bagipaipu tangu karne ya kumi na tisa, na mpaka leo mafundi wa Uskoti wanautafuta huo huo kwa sababu haunywi maji ovyo na unachongeka kwa unyoofu wa chuma. Kama unanunua mpya, muulize fundi mti wake ulitoka wapi. Vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha kimataifa cha misitu mwaka 2009, na pesa ya gogo inayobaki kijijini ni jambo ninalolijali sana. Na kama utavuka mipaka: jamii yote ya mpingo iliwekwa chini ya vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, Januari 2017, kisha ala zilizokamilika zikaondolewa masharti hayo mwishoni mwa 2019. Pete za pembe za ndovu kwenye bagipaipu za kale ni habari nyingine, hizo bado zinataka karatasi.

Gitaa sasa linapigwa na kapo kitufe cha kwanza. Vidole vinafikiri A, sauti inatoka Bb. Kapo pauni 15. Mimi kwenye besi sikuhitaji chochote: Bb ni kitufe cha kwanza cha uzi wa A, hezi 58, oktavu moja kamili chini ya bomba kubwa la mvumo. Besi ya nyuzi nne inatosha. Tulikuwa tumeanza kuuliza bei za nyuzi tano. Acha.

13 Oktoba 2024: Kodi zipi zinakaa

Kodi ni nota kadhaa zinazolia pamoja. Kuanzia hapa naandika kama vidole vinavyofikiri, yaani A.

Chanta ina nota tisa tu: G, A, B, C#, D, E, F#, G, A. G# (alama # ni nusu-toni juu) haimo. Maana yake kodi ya E meja, ambayo roki na bluzi huitegemea kurudi nyumbani, haina nafasi hapa. Ukiipiga, G# ya gitaa inagombana na G ya bagipaipu na msikilizaji anadhani mmoja wenu hajui kazi. Badala yake ni G. A, G, D, rudi A. Bahati ni kwamba mwendo huo huo ndio uti wa mgongo wa roki ya miaka ya sabini, na ndio pia tabia ya nyimbo za Kiskoti, ambazo nyingi huyumba kati ya A na G mwanzo hadi mwisho. Hapa mila mbili zinakutana zenyewe bila kulazimishwa, na nilipoisikia mara ya kwanza tukiwa na sauti kamili nilifurahi kupita kiasi.

Lakini kitu kiliendelea kuchafuka kila gitaa liliposhika A meja nzima yenye mngurumo. Mwenye gitaa alibadilisha pedali, akabadilisha amplifaya, hakuna kitu. Tatizo lilikuwa C#. Mpiga bagipaipu huitunia nota hiyo mvumo wake mwenyewe, theluthi (nota ya tatu ya kodi) safi kabisa, ambayo iko chini kuliko theluthi ya gitaa kwa takriban sehemu moja ya saba ya nusu-toni. Zikilia pamoja zinapigana kama mara nne na nusu kwa sekunde, na distosheni, ule mngurumo wa gitaa, inaukuza ugomvi huo.

Suluhisho: gitaa liache theluthi. Linapiga mzizi na nota ya tano tu, A na E, G na D. Tano ya gitaa na tano ya bagipaipu zinakaribiana sana hata distosheni kali haileti uchafu. Theluthi iachie bagipaipu na fidla, fidla ina uwezo wa kuisogelea. Kodiani nayo, mkono wa kushoto, tumeziba kodi zote na kuacha besi zake tu.

Ukichukua kitu kimoja kutoka shajara hii, chukua hiki. Wimbo wa kale usiusogeze. Sogeza roki.

3 Novemba 2024: Mapigo

Mpiga dramu wetu ametoka kwenye roki nzito na anapiga vizuri mno. Kwenye ril, nyimbo za dansi za haraka ambazo huhesabiwa mbili kwa mbili, alielewa mara moja: tukamwacha apige sneya, ngoma yenye mlio mkali, kwenye pigo la tatu kati ya nne kama roki ya taratibu wakati bagipaipu inakimbia juu yake, kisha raundi ya mwisho azidishe mara mbili. Ukumbi unahisi umepanda gia ilhali kasi ni ile ile.

Jigi, nyimbo za dansi za kurukaruka, ndizo zilizotusumbua. Sita kwa nane. Jaribio la kwanza, kiki (dramu kubwa ya mguu) nne sawasawa na sneya ngumu kwenye mbili na nne, lilizima kila kitu. Dada wa fidla alisema miguu yake haijui iende wapi. Jaribio la pili, shafo ya bluzi, lilikuwa karibu lakini lililegea, maana shafo huvuta nota ya tatu nyuma na jigi haitaki kuvutwa.

Nilimwekea mpiga dramu chakacha. Si kwa kuwa jigi ni chakacha, hapana. Nilitaka asikie sita kwa nane inayochezwa kwa kiuno na si kwa hesabu, jinsi tatu na mbili zinavyoishi pamoja. Akasikiliza kimya, akarudi kwenye dramu: kiki ya kwanza na ya nne, hai-hati (matasa mawili ya mguu) ikigusa zote sita kwa wepesi, sneya kwa miguso midogo na mkwaju mmoja tu kwenye nne. Jigi ikainuka.

Kuhusu kasi. Kila anayeanza hudhani nguvu ni kukimbia. Bagipaipu haiwezi kunyamaza katikati ya wimbo na haiwezi kupunguza sauti, kwa hiyo nota mbili zinazofanana hutenganishwa kwa nota ndogo za mapambo zinazopita kama cheche. Ukizidisha kasi, mapambo yanageuka uji. Tulijaribu ril kwa mapigo 126 kwa dakika, mzee akaweza, lakini hakukuwa na wimbo tena. Tumetulia kwenye 112. Nguvu tunaitafuta kwa kuingia mmoja mmoja: bagipaipu peke yake raundi nzima, kisha besi, kisha sote kwa pigo moja.

24 Novemba 2024: Umeme unakatika

Tulipewa ukumbi tufanye mazoezi siku moja. Wimbo wa pili, giza kwenye amplifaya zote. Tukawasha, tukaanza, ukakatika tena. Tulidhani ni waya, tukapoteza saa nzima kubadilisha waya na fyuzi.

Kumbe ukutani kuna kipimo cha kelele. Kumbi nyingi za mitaa hapa Uingereza zinacho: taa ya kijani, ya njano, nyekundu, na nyekundu ikikaa sekunde chache soketi za jukwaani zinazimwa. Cha kwetu kilikuwa kwenye desibeli 95. Bagipaipu kubwa peke yake, bila maiki, hupita 100 kwa mtu aliye karibu.

Bagipaipu haina kitufe cha sauti. Kwa hiyo kila kingine kilishuka. Mpiga dramu alinunua vijiti vya fimbo nyembamba zilizofungwa pamoja, pauni 18. Amplifaya ya gitaa ya wati 100 ilibaki nyumbani, tukaazima ya wati 15 ambayo hunguruma vizuri ikiwa chini. Mzee tulimhamisha upande wa pili wa jukwaa, mbali na kipimo, akielekea ukumbini na si ukutani. Taa sasa inakaa njano, inagusa nyekundu na kurudi.

Uliza habari ya kipimo hicho kabla hujakubali kazi, na uulize kiko ukuta gani. Na nunua vizibo vya masikio vyenye chujio, sio sponji. Vyetu ni pauni 21 kwa mtu. Niliwahi kufanya mazoezi bila vyangu na masikio yalilia mpaka asubuhi.

15 Desemba 2024: Fidla na joto

Fidla yenye pikapu (kinasa sauti) ya daraja ilikuwa inapiga mluzi kila ilipopandishwa. Tulikata masafa yote chini ya hezi 180, maana nota ya chini kabisa ya fidla ni G ya 196 na chini yake hakuna muziki, ni mngurumo wa jukwaa tu. Kisha tukatafuta ile nota inayopiga mluzi, tukaichimba peke yake kwa ikwalaiza nyembamba. Pikapu ikapewa kisanduku cha priampu chenye ukinzani mkubwa wa kuingilia, cha mitumba pauni 40, na ile sauti ya bata ikapungua.

Bagipaipu maiki moja, sentimita 50 kutoka kwenye chanta. Ukiisogeza karibu unasikia matundu mawili matatu yaliyo mbele yake na mengine yanapotea.

Joto ni adui wa kimya. Jukwaa likipata joto, bagipaipu inapanda na nyuzi za gitaa zinashuka. Zinaachana kwa pande zote mbili. Tumeweka utaratibu: mzee anapiga dakika 15 nje ya jukwaa kabla hatujaanza, gitaa na fidla wanatuni kwake na si kwa kipimo, na kila baada ya nyimbo mbili kuna hadithi fupi kwenye maiki ili wapigaji watuni.

12 Januari 2025: Wachezaji walipopotea

Tulialika marafiki waje kucheza. Nilidhani kazi imekwisha. Kwenye dansi ya tatu mwenye gitaa akaingia na solo, nzuri sana, akaendelea alivyojisikia. Ukumbi ukavurugika. Mistari ikagongana, watu wakasimama na kututazama.

Dansi nyingi za keili zimejengwa juu ya baa (mafungu ya mapigo) 32: sehemu ya kwanza baa nane mara mbili, ya pili baa nane mara mbili. Miguu inahesabu hizo. Solo ya baa 20 inamwacha mtu ameshika mkono wa mke wa jirani bila kujua aende wapi. Sasa solo ni baa 32 kamili, na fidla inaendelea kugusa wimbo kwa chini ili wachezaji wasikie kona zinapokuja. Mwenye gitaa alikasirika kidogo. Juma lililofuata alileta solo iliyojengwa kutoka kwenye vipande vya wimbo wenyewe, na ni bora kuliko ile ya kwanza kwa mbali.

26 Januari 2025: Usiku wenyewe

Ukumbi ulijaa. Taa ya kipimo iligusa nyekundu mara kadhaa, umeme haukukatika. Jigi ziliinua watu ambao hawakukusudia kuinuka, na ril ya mwisho, dramu zilipozidishwa, sakafu ilikuwa inadunda hata stendi ya maiki yangu ikatembea.

Kilichoharibika: ngazi za nyuma zilikuwa baridi kali, mzee alisubiri pale baada ya mapumziko, na chanta ikashuka. Wimbo mzima tulikuwa hatupatani. Asimame chumba chenye joto, au apewe dakika tano za kupuliza kabla ya kurudi. Na kapo ya gitaa ilibana sana, uzi wa tatu ukapanda. Ilegeze mpaka nota iseme safi, usizidishe hapo.

Gharama mpaka jana: chanta na ndimi 142, kapo 15, vijiti 18, priampu 40, vizibo vya sita 126, nyuzi za gitaa na fidla 47, chumba cha mazoezi 324, gari la vyombo 60. Jumla 772. Malipo ya usiku ule ni 450. Pengo tumegawana.

9 Februari 2025: Rekodi

Tunarekodi nyimbo tatu. Tumechagua zile ambazo watunzi wao hawajulikani au walifariki zaidi ya miaka 70 iliyopita, kwa sheria ya hakimiliki ya hapa. Kuwa mwangalifu: nyimbo nyingi za bagipaipu zinazosikika kama za kale zilitungwa karne ya ishirini na zina wenyewe wa kulipwa.

Mpango wa studio: bagipaipu inarekodiwa kwanza, peke yake, ikiwa imeshapata joto, na mvumo unarekodiwa mbali na chanta ili tuweze kuupunguza pale gitaa linaposhika G. Mengine yote yanafuata juu yake. Ndimi mbili mpya zimeshaagizwa.